Bi Soli, Mwalimu Aliyefundisha Kutua

Wasikilizaji wapendwa, kama redio yako iko mbali, isogeze. Kama kuna mtu anaosha vyombo hapo jikoni, mwambie afunge bomba kwanza. Leo nina habari za mwanamke mmoja, fundi viatu, ambaye wengi wenu mmepita mbele ya kibanda chake bila kugeuka.

Alifariki Jumanne ya wiki iliyopita, asubuhi, nyumbani kwake. Moyo ulisimama akiwa amekaa kitandani anajiandaa kwenda mazoezini. Alikuwa na umri wa miaka sabini na minne. Nasema tena, sabini na minne. Ishikeni hesabu hiyo, maana maisha yake yote huyu mama watu walikuwa wakimhesabia miaka. Mara ni michache mno, mara ni mingi mno.

Wasichana wa timu yake walimwita Bi Soli. Jina lenyewe lilitokana na soli ya kiatu, na mtaelewa kwa nini. Alikuwa fundi viatu, na alikuwa kocha wa mpira wa wavu wa timu ya wanafunzi, katika shule ya sekondari ya wasichana. Kazi mbili hizo alizifanya kwa mikono ileile na macho yaleyale. Macho hayo nayo nitayasimulia, kwa sababu ndiyo yaliyomwangusha.

Tuanze mwanzo. Bi Soli aliingia kiwanda cha viatu akiwa na miaka kumi na saba. Alianza kwa kushona ngozi za juu, baadaye akahamishiwa upande wa soli. Kiwanda kilikuwa na timu ya wanawake ya mpira wa wavu. Yeye alikuwa mfupi, na mpira wa wavu ni mchezo wa warefu, basi akapewa kazi ya kupanga, yaani kuinua mpira ili wenzake waupige. Mumewe, dereva mstaafu wa lori, alinisimulia juzi nilipokwenda kumpa pole.

"Mara ya kwanza namwona alikuwa anawafokea wasichana warefu kuliko yeye kwa kichwa kizima," mzee alisema. "Nikajisemea, huyu nikimwoa sitapumzika. Na kweli sikupumzika."

Alipofikisha miaka ishirini na mitatu, kocha wa timu ya kiwanda aliacha kazi. Wachezaji walikwenda kwa meneja, wakasema wanamtaka yeye. Meneja alimtazama juu mpaka chini, safari ambayo haikuwa ndefu, akamwambia, "Wewe bado mtoto. Rudi ukiwa mtu mzima." Timu akapewa mtunza stoo, bwana wa makamo mwenye kitambi cha heshima, ambaye hakujua hata wavu unafungwa urefu gani. Baada ya miaka miwili timu ilikufa. Baadaye kiwanda nacho kilifungwa. Bi Soli akachukua nyundo yake, sindano zake, na kile chuma chenye umbo la mguu ambacho mafundi huvalisha kiatu wakigonga, akafungua kibanda pembeni mwa ofisi ya posta. Pale alikaa miaka zaidi ya thelathini.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, mimi mwenyewe naingia kwenye habari hii, na siingii vizuri.

Miaka minane iliyopita timu ya wavu ya shule hiyo ilikuwa haina kocha. Ilikuwa imefungwa mechi zote za msimu, na wasichana watatu walikuwa nje kwa kuumia vifundo vya miguu. Shule ikabandika tangazo. Kamati ya michezo ikaitwa kuchagua. Tulikuwa wajumbe sita, na wa saba mkuu wa shule, mama mmoja mkimya asiyependa vikao virefu. Mwenyekiti wetu alikuwa mfamasia mwenye duka la dawa hapo karibu. Na mimi niliitwa kama mtangazaji wa michezo. Walidhani mtu anayetangaza mpira anaujua.

Alikuja mwanamke wa miaka sitini na sita, mwenye mvi, goti moja gumu, amebeba mfuko wa turubai. Hakuleta cheti. Alitandika gazeti mezani, akatoa jozi sita za viatu vya michezo, akazipanga kifudifudi, soli juu.

"Hivi ni viatu vya mabinti zenu," alisema. "Wameniletea niwashonee. Huyu anatua kwa mguu mmoja, tazameni upande huu ulivyolika. Huyu anatua kwa visigino, mgongo utamuuma kabla hajamaliza shule. Huyu wa tatu haruki kabisa, amewadanganya."

Tulicheka. Kisha mwenyekiti akauliza, "Mama, kwa heshima zote, na goti hilo utawakimbiza vipi?"

"Sikuja kuwakimbiza, mwanangu. Kukimbia wanajua. Kuruka pia wanajua. Nimekuja kuwafundisha kutua."

Nami nikauliza swali ambalo hadi leo linaniwasha. Nikauliza, "Mama, una miaka mingapi?" Wakati fomu ilikuwa mbele yangu na miaka ilikuwa imeandikwa.

"Sitini na sita," akajibu. "Na wewe?"

Tulipiga kura. Watatu walimkubali. Watatu walimkataa. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliomkataa. Niseme wazi, nilimkataa kwa sababu ya umri. Nilisema timu ya vijana inataka damu changa. Mkuu wa shule akaufunga mjadala kwa kura yake. "Nampa muhula mmoja," akasema. "Hao wenye damu changa wametuachia wasichana watatu wenye bandeji."

Basi akaanza. Wiki sita za kwanza hakuna msichana aliyeruhusiwa kupiga mpira kwa nguvu. Walikuwa wanapanda benchi na kuruka chini. Kupanda, kuruka chini. Miguu miwili, magoti yamekunjwa, kimya. Alikuwa anakaa kwenye kiti kando ya uwanja, amefumba macho.

"Nimesikia kishindo," anasema. "Nani huyo? Kiroba cha saruji kimeanguka? Rudia."

Wazazi walinung'unika. Baba mmoja alikuja kuuliza kama binti yake anafundishwa wavu au anafundishwa kushuka ngazi. Bi Soli alimwambia, "Vyote viwili, baba. Ngazi atazishuka mpaka uzeeni."

Mechi ya kwanza walifungwa. Ya pili walifungwa. Ya tatu walishinda, na jambo la kushangaza ni kwamba katika muhula mzima hakuna aliyeumia. Hakuna hata mmoja. Muhula ukawa mwaka. Mwaka wa tatu wakachukua kombe la shule za wilaya.

Jumatatu baada ya kombe nilikwenda kibandani na kiatu changu kilichoachia. Kusema kweli kiatu kilikuwa kisingizio. Nilimwambia, "Mama, siku ile nilikupigia kura ya hapana. Naomba radhi."

Hakuinua kichwa. "Nilijua," alisema. "Wenzako walikuwa wanatazama viatu. Wewe ulikuwa unatazama mvi. Lete hicho kiatu."

Akakigeuza, akakitazama soli, akaguna. "Unatembea kama mtu anayekwepa wadai. Nyoosha mguu." Tangu siku ile tukawa marafiki.

Nisimpambe sana, wasikilizaji wapendwa. Bi Soli alikuwa mbishi. Kuna mchezaji katika mpira wa wavu wa siku hizi ambaye kazi yake ni kulinda tu, huvaa fulana ya rangi tofauti na wenzake. Enzi za Bi Soli hakuwepo. Msimu mzima alikataa kumtumia. "Kwa nini mmoja avae tofauti?" aliuliza. "Anakwenda harusini?" Walipoteza mechi mbili kwa ubishi huo. Ni wasichana wenyewe waliomkalisha chini na kumchorea kwenye karatasi, hatua kwa hatua. Aliitazama karatasi ile muda mrefu. Kisha akasema, "Haya. Mvalisheni bibi harusi wenu." Alikuwa mbishi, lakini akishaona, ameona.

Na hapo kwenye kuona ndipo ninapokuja.

Miongoni mwa wasichana wake alikuwapo mmoja waliyemwita Springi. Alianza kufundishwa na Bi Soli akiwa na miaka kumi na mitatu. Alikuwa anaruka mpaka unajiuliza atarudi saa ngapi. Alipofika kumi na minane alikuwa nahodha, mwaka wake wa mwisho shuleni, na watu wa vilabu vikubwa walishaanza kuja kumtazama. Bi Soli wakati huo alikuwa na miaka sabini na mmoja.

Kila Ijumaa Bi Soli alikagua viatu. Wasichana walivipanga soli juu, yeye akapita kimoja kimoja. Ndivyo alivyowajua. Lakini mwaka ule macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Binti yake, ambaye ni muuguzi, alimwambia mapema aende akafanyiwe upasuaji. Yeye akasema msimu kwanza, macho baadaye. Kule kibandani mumewe ndiye aliyekuwa anamtungia uzi kwenye sindano. Viatu alikuwa anavishona kwa kupapasa. Uwanjani hakuna aliyejua. Hakumwambia mtu.

Na Springi naye alikuwa na siri yake. Goti la kulia lilikuwa linamuuma kwa miezi miwili. Alinisimulia mwenyewe, na ameniruhusu niyaseme haya hewani.

"Nilijua nikisema nitatolewa," alisema. "Na watu wa vilabu walikuwa wanakuja nusu fainali. Nikawa natua kwa mguu wa kushoto peke yake. Ijumaa ile niliweka viatu vyangu kwenye mstari. Soli ya kushoto ilikuwa imelika, ya kulia kama mpya. Bibi akaviinua, akavisogeza karibu na uso. Nikajua nimekamatwa. Akasema, 'Salama.' Akapita."

Mdharau mwiba mguu huota tende. Jumamosi, nusu fainali, seti ya nne. Nilikuwa natangaza mechi ile. Springi aliruka, akapiga, pointi. Alitua kwa mguu wa kushoto, akayumba, akajishikiza kwa ule wa kulia. Goti likageukia ndani. Nilikuwa mbali, lakini kilio kile nilikiingiza hewani bila kutaka. Kano za goti zilikatika. Hakucheza tena mashindano.

Wiki iliyofuata kamati ilikaa. Mama yake Springi, ambaye ni karani, alikuwapo. Mwenyekiti alianza kwa kusema, "Tulisema mapema kuhusu umri. Tukaonekana wabaya." Alikuwa na kalamu mkononi, anaandika.

Bi Soli alisimama. Nilimwona anashika ukingo wa meza kwa kupapasa, na hapo ndipo nilipoelewa.

"Usiandike umri, Mwenyekiti," alisema. "Andika macho. Sioni vizuri tangu mwanzo wa msimu. Na andika kwamba nilijua, nikanyamaza. Wako watu wa miaka thelathini wasioona, na wako wa themanini wanaotunga uzi kwenye sindano. Umri haukunyamaza. Mimi ndiye niliyenyamaza. Niliogopa mkijua mtasema ni uzee, mtaniondoa. Na Springi naye aliogopa kuondolewa, akanyamaza. Lakini yeye ni mtoto. Mimi nilipewa kazi ya kumwona hata akijificha."

Kisha akamgeukia mama yake Springi. "Mama, nimekukosea. Sina la kujitetea."

Mama yule akamtazama usoni. Halafu akasema, "Nashukuru umesema mwenyewe. Lakini mwanangu hatembei."

Bi Soli akaweka filimbi mezani, akatoka. Alikuwa amejiuzulu, na hakuna aliyemzuia. Mimi pia sikumzuia.

Upasuaji wa macho ulifanyika mwezi uliofuata. Binti yake alikuwapo bandeji ilipotolewa. "Mama alimtazama baba kwa muda," aliniambia. "Halafu akasema, 'Kumbe umezeeka kiasi hiki, na hukuniambia.' Baba akajibu, 'Nilikuwa nasubiri uone mwenyewe.' Hiyo ndiyo mara ya kwanza kumsikia mama akicheka tangu lile jambo la Springi."

Siku aliyoruhusiwa kutembea juani alikwenda nyumbani kwa akina Springi. Springi alikataa kumwona. Kesho yake akaenda tena. Akakataliwa tena. Alikuwa anakaa sebuleni na mama mtu, wakati mwingine hawaongei, kisha anaaga na kuondoka. Siku ya tisa mlango wa chumbani ulifunguka.

"Nilitoka nikiwa na magongo," Springi alisema. "Nilikuwa na hasira, nimepanga maneno. Bibi akanitazama miguuni. Akasema, 'Gongo la kulia ni refu kuliko la kushoto. Nani amekufanyia hivi?' Nikasahau maneno yangu yote. Nililia, na yeye alilia, halafu akaenda kurekebisha gongo."

Miezi minane, wasikilizaji wapendwa. Kila alasiri, miezi minane, bibi wa goti gumu na binti wa goti lililokatika walitembea pamoja, kwanza sebuleni, kisha uani, kisha barabarani mpaka posta na kurudi. Mtaalamu wa mazoezi wa hospitali alitoa maelekezo, Bi Soli akahakikisha yanafuatwa. Jumamosi walikwenda kutazama mechi za timu yao, ambayo ilikuwa chini ya mwalimu wa michezo kwa muda. Walikaa jukwaani. Bi Soli aligundua jambo. Springi alikuwa anaona. Alikuwa anasema, "Yule namba saba ataangusha huu," na mpira unaanguka. "Yule amechoka," na dakika moja baadaye yule anashika kiuno.

"Umejuaje?" bibi anauliza.

"Sijui. Naona tu."

"Basi anza kujua. Mtu anayeona bila kujua hawezi kumfundisha mwenzake."

Akawa anamlazimisha aeleze kila kitu kwa maneno. Ndivyo kocha alivyotengenezwa, pale jukwaani, bila yeye mwenyewe kujua.

Mwaka jana shule ikatangaza tena nafasi ya kocha. Springi aliomba. Alikuwa na miaka ishirini. Miaka ishirini tu. Na katika timu kuna wasichana wa kumi na tisa. Kamati ikakaa, ileile, na mimi nikiwamo. Bi Soli, sasa miaka sabini na mitatu, alikuja kama mdhamini wake.

Mwenyekiti akasema, "Huyu ni mtoto, jamani. Juzi tu alikuwa anavaa sare ya shule hii. Watamtii? Kuishi kwingi ni kuona mengi, na huyu hajaishi."

Bi Soli akaomba kusema. "Nilipokuwa na miaka ishirini na mitatu niliambiwa bado mtoto, nirudi nikikua. Nikarudi nina sitini na sita, hapahapa, mkasema nimechelewa. Sasa naomba kamati inisaidie. Huo mwaka unaofaa ni upi? Niutie alama kwenye kalenda, niwaambie na wajukuu wasije wakaupitiliza wakiwa wamelala."

Kamati nzima ilicheka, mwenyekiti akiwamo. Lakini bibi hakucheka.

"Sisemi umri si kitu," akaendelea. "Mimi umri ulinipa mengi na ukaninyang'anya macho. Huyu umri haujampa subira bado, na mtaona makosa yake. Ninachoomba mumuulize anachokijua. Mumuulize na anachokiogopa, na kama atawaambia akishindwa. Mimi hamkuniuliza hilo. Mngeniuliza, labda ningejibu kweli."

Springi alihojiwa kwa saa nzima. Safari hii hakuna aliyemuuliza miaka. Tulipiga kura, na mimi nilisema ndiyo. Mwenyekiti aliweka sharti moja, kwamba Bi Soli awepo kama msaidizi, amwangalie. Bi Soli akakubali, ila akarekebisha neno. "Sitamwangalia. Nitamsaidia. Nitakuwa chini yake."

Kusema ni rahisi. Jioni ya kwanza ya mazoezi nilikuwapo. Springi alikuwa anaeleza zoezi. Wasichana wawili nyuma walikuwa wananong'ona. Bi Soli akashindwa kujizuia. Akadakia, "Hapana, magoti kwanza, halafu mikono."

Springi akamgeukia. Kisha akasema, kwa adabu kabisa, "Bibi, naomba usubiri zamu yako."

Miaka ishirini inaiambia miaka sabini na mitatu isubiri. Nilitamani ardhi inimeze kwa niaba yao. Bi Soli akainuka kutoka kitini, akainamisha kichwa.

"Samahani, Mwalimu," alisema. Akakaa.

Mwalimu. Alimwita Mwalimu, mbele ya wote. Wale wawili waliokuwa wananong'ona wakanyooka kama vijiti. Tangu jioni ile hakuna msichana aliyehoji nani ni kocha. Nilimuuliza baadaye kama alifanya makusudi. Akasema, "La kudakia sikukusudia, mdomo wangu mrefu. La kuomba radhi nilikusudia."

Mwaka mmoja walifanya kazi hivyo. Kijana mbele, mkongwe nyuma. Binti yake anasema ulikuwa mwaka mzuri kuliko yote. "Alikuwa anarudi nyumbani anasimulia, 'Leo Mwalimu amekataa wazo langu.' Anasimulia kwa fahari, kana kwamba amepewa zawadi."

Jumanne akafariki. Alhamisi tukamzika. Jumamosi timu ilikuwa na nusu fainali. Springi alikwenda kwa familia kuuliza kama waombe mechi iahirishwe. Mumewe akamwambia, "Nendeni mkacheze. Harusi ya mjukuu wetu ilianza saa nane, mke wangu alifika saa kumi, na viatu vya mazoezi. Leo ndiyo aahirishe?"

Wakaenda. Mzee alikuja, na binti yake, wakakaa jukwaani. Mechi ilifika seti ya tano. Kumi na tatu kwa kumi na tatu. Mpigaji wao bora, msichana wa miaka kumi na saba, aliruka, akapiga, akapata pointi. Kumi na nne. Ilibaki pointi moja waingie fainali. Springi akanyanyua mkono, akaomba mabadiliko. Akamtoa yule msichana.

Watu walipiga kelele. Msichana mwenyewe alilia, akarusha taulo. Mwenyekiti wa kamati, aliyekuwa karibu nami, alishika kichwa. Timu ikapoteza pointi tatu mfululizo, ikafungwa, ikatolewa.

Nilishuka na kinasa sauti changu. "Mwalimu, mbona umemtoa?"

"Ametua vibaya mara mbili," Springi alisema. "Ya kwanza nilidhani ameteleza. Ya pili nikamwona."

"Na kama ungemwacha kwa pointi moja tu?"

"Na mimi niliumia kwenye pointi moja tu."

Msichana alivuliwa kiatu. Kifundo kilikuwa kimevimba. Alikiri kilimuuma tangu Alhamisi, siku ya mazishi, na hakutaka kusema. Daktari wa uwanja akampa mapumziko ya wiki tatu. Wiki tatu, halafu atacheza. Mwenyekiti, yule mfamasia, hakusema lolote kuhusu umri wa mtu. Alikwenda kuleta barafu, akapiga magoti, akamfunga mguu mwenyewe.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kituo chetu natoa pole kwa mume wa marehemu, aliyemtungia uzi kwenye sindano bila kumdhihaki. Pole kwa binti yake, kwa wajukuu, na kwa mama yake Springi, ambaye Alhamisi alikuwa miongoni mwa waliobeba maua. Pole kwa wasichana wote waliopita mikononi mwake, wale warukao na wale wanaoshuka ngazi za maofisini sasa bila maumivu ya mgongo. Na pole kwako, Mwalimu Springi. Miaka ishirini na mmoja ni michache ya kubeba msiba, lakini timu umeibeba.

Kabla sijawaacha, tafakarini jambo moja. Wiki hii mahali fulani kamati itakaa. Itakuwa ya shule, au ya ofisi, au ni familia tu sebuleni inaamua nani apewe jukumu. Fomu itakuwa mezani, na mwaka wa kuzaliwa umeandikwa juu kabisa, kwa herufi kubwa, kana kwamba ndiyo habari yenyewe. Nilimuuliza mzee wetu kama mkewe aliwahi kulizungumzia hilo nyumbani.

"Alikuwa anasema miaka amepewa, hakuifanyia kazi," alinijibu. "Alichofanya ndani yake ndicho chake. Mazuri yake, na lile moja baya. Alitaka ahukumiwe kwa hayo."